Ulimi Uliomeza Kipini

Saluni ninayofanyia kazi mjini Kisii ina kioo kirefu ukutani. Nikicheka, mteja aliyeketi mbele yangu hukiona kipini kilicho ulimini mwangu. Akina mama wengi hunyamaza na kutazama kando. Wasichana huuliza. Kiliuma? Nani alikutoga? Na mtu mwenye kimoja akitaka cha pili, itakuwaje?

Swali hilo la mwisho huwa linanifanya niweke kitana chini. Halijibiki upesi mtu akiwa na mafuta mikononi, kwa hiyo nimeamua kuandika jibu lote, kwa ajili yao na kwa ajili ya mama zao. Mimi si daktari. Nitasema yaliyonipata.

Jina langu ni Kerubo. Kwetu ni Nyaramba, kwenye chai na migomba. Baba yangu, ambaye sisi watoto tunamwita Tata kama ilivyo desturi ya Wagusii, ni mzee wa kanisa la Wasabato, na nyumbani kwetu mapambo hayavaliwi. Nyanya yangu alikuwa na masikio yaliyotogwa mpaka yakaning'inia, lakini hayo yalikuwa ya kabla ya kanisa na hayakuzungumzwa.

Nilitogwa ulimi mara ya kwanza Nairobi, nilipokwenda kujifunza kazi ya nywele. Nilikaa kwa Bosibori, mtoto wa mama mdogo. Kwetu huyo si binamu, ni dada. Yeye ndiye aliyenishawishi, na tulikwenda pamoja kwa bwana mmoja mwenye chumba juu ya duka la viatu. Alichemsha vyombo vyake mbele ya macho yetu, akavaa glavu mpya kwa kila mmoja wetu. Kipini alichotuwekea kilikuwa kirefu, kinacheza mdomoni. Alituambia ulimi lazima uvimbe na uvimbe unahitaji nafasi. Ukishatulia, turudi atuwekee kifupi. Bosibori alirudi. Mimi nilikuwa nimeshakizoea kirefu, sikurudi. Nilikunywa maziwa baridi, nikasukutua kwa maji ya chumvi kila baada ya kula, na mwezi haukuisha kabla sijaanza kutafuna mahindi ya kuchoma. Nyumbani nilijifunza kucheka nimefunga mdomo.

Kisha Bosibori akaugua. Nilikuwa nimeshapata kazi Kisii wakati huo, na kila aliyetoka Nairobi alileta habari kwamba amekonda. Alizikwa Nyaramba wakati wa zile mvua za El Niño. Gari lilinasa kwenye matope, na wanaume wakalibeba jeneza mabegani hadi nyumbani. Wengine walisema ni malaria. Wengine walisema ni kifua. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Baada ya mazishi mama mdogo aliniita jikoni kwake. Alikuwa na kitambaa kidogo kilichofungwa fundo.

"Nesi wa huko alikitoa mdomoni mwake," aliniambia. "Mimi sijui ni kitu gani. Wewe mliishi naye. Kaa nacho."

Nilikijua kabla sijafungua fundo.

Nilikaa nacho miezi kadhaa. Nilikuwa nikikishika jioni, nikifikiri ni kitu kidogo mno kubaki badala ya mtu. Mvua ndefu za mwaka uliofuata zilipoanza niliamua kukiweka ulimini, nyuma ya changu. Sikuwa nikifuata mtindo, ingawa wengi walidhani hivyo. Nilitaka tu viwe pamoja.

Nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya duka la sonara mmoja Mhindi. Mzee mwenyewe alikuwa ametoga pua na masikio ya nusu ya wasichana wa mji, kwa hiyo nilimwendea kwanza. Alisukuma miwani juu ya paji la uso.

"Sikio, sawa. Pua, sawa. Ulimi mimi hapana, iko damu nyingi," alisema. "Na wewe iko na moja tayari. Ya pili ya nini?"

Nilimshukuru, nikatoka.

Aliyenitoga ni Rozi, mwenzangu wa saluni, alasiri moja ambayo hakukuwa na mteja. Sindano ilikuwa ile ile aliyotumia kutoga pua za watu. Aliifuta kwa spiriti, nami nikakiosha kipini kwa sabuni na spiriti, tukaona tumefanya usafi wa kutosha. Nilijua kipini kile ni kifupi. Nilikumbuka vizuri maneno ya yule bwana wa Nairobi. Lakini kipini kingine kisingekuwa cha Bosibori, na kwa hiyo hakikuwa na maana kwangu. Damu ilitoka zaidi ya mara ya kwanza. Rozi alinishika kichwa na kunong'ona, "Pole, pole," mpaka ikapungua.

Kesho yake ulimi ulikuwa mzito, nikasema ni kawaida. Siku iliyofuata nilijitazama kwenye kioo cha saluni nikaona kishanga cha juu cha kipini kimedidimia kama kokoto kwenye udongo wa mvua. Halafu sikukiona tena. Ulimi ulikuwa umefunga juu yake. Nilijaribu kukisukuma kwa chini kwa kidole, nikaanguka magoti kwa maumivu.

Mate hayakumezeka. Yalikuwa yakitiririka kidevuni, na harufu yake ilinifanya niwakimbie watu. Asubuhi moja mke wa sonara, Mama Hansa, alinikuta kwenye mfereji uani. Alinitazama, akaweka ndoo yake chini.

"Fungua mdomo," alisema.

Nilifungua kadiri nilivyoweza. Alipanda ghorofani kwake akashuka na barafu iliyovunjwavunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, akanionyesha jinsi ya kuweka kipande shavuni na kukiacha kiyeyuke chenyewe. Siwezi kueleza utamu wa barafu ile.

"Hii si dawa, mama," aliniambia. "Hii ya kusaidia tu. Wewe kwenda hospitali leo."

Sikwenda siku ile. Nilikwenda duka la dawa, nikapewa vidonge vya rangi mbili ambavyo sikuweza kuvimeza. Ndipo shingo ikawa ngumu chini ya kidevu, na nikilala chali pumzi inakwama. Anayesoma haya na ameanza kuona dalili hiyo, aache kusoma aende hospitali.

Rozi alinipeleka yeye mwenyewe. Alikuwa akilia njia nzima, nami sikuweza kumwambia aache. Alituma habari Nyaramba kwa mtu wa kwetu aliyekuwa amekuja sokoni kuuza ndizi.

Chumba cha kungojea kilikuwa na mabenchi yaliyong'arishwa na watu kukaa. Tulisogea, na kila tuliposogea nilikuta benchi lina joto la aliyetangulia. Watoto walikuwa wakikohoa. Kando yangu alikuwa mwanamke wa Kiogoro, aliyemleta mumewe mwenye jeraha la panga mguuni. Aliona ninavyohangaika na mate, kitambaa changu kimeshalowa chote, akanipa ncha ya leso yake. Nilitikisa kichwa kwa sababu ya ile harufu.

"Chukua," alisema. "Leso hufuliwa."

Sikumwona tena baada ya siku ile. Nimemwombea mara nyingi.

Mama alifika tukiwa bado kwenye benchi, gambuti zake zikiwa na matope ya shambani. Alinitazama uso uliovimba, akamtazama Rozi, akaketi. Jina langu lilipoitwa alinyanyuka pamoja nami kana kwamba ndiye aliyeitwa.

Daktari alikuwa kijana, mpole wa mikono. Aliupapasa ulimi, akauliza, "Kipini kingine kiko wapi?" Rozi akamwambia kiko humo humo. Hapo ndipo mama alipojua kwamba mtoto wake ana vipini ulimini. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia siku akijua, na sasa sikuwa na ulimi wa kuyasema.

Daktari alinichoma ganzi, akapasua. Usaha ulitoka, kisha akakivuta kwa koleo yake ndogo na kukiinua kwenye mwanga. Kile changu cha mbele alikitikisa kidogo na kukiacha. "Hiki ni kirefu, kina nafasi," alisema. "Kilichokuumiza ni hiki kifupi. Ni chako?"

Nilitikisa kichwa.

"Cha nani?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yake. Alikisogelea, akakitazama kwa karibu. "Hicho nilikiona kwa dada yangu," alisema. "Kilikuwa cha mtoto wake. Amekufa."

"Alikufa kwa ugonjwa gani?"

Mama huzungumza Kiswahili sokoni tu, na kwa wageni. Nyumbani kwetu ni Ekegusii tangu kuamka hadi kulala, na katika Ekegusii chetu Bosibori alikufa kwa kifua. Mama alitazama sakafu. Kisha akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayesoma neno lililoandikwa: "Alikuwa na ukimwi."

Nadhani aliweza kulisema kwa sababu lilikuwa katika lugha isiyolala nyumbani kwetu.

Daktari aliuliza kuhusu sindano, na Rozi akakiri kwamba haikuwa mpya. Daktari alituambia kipini kilichokaa miezi nje ya mwili hakimpi hofu sana. Sindano iliyopita kwa watu wengi ndiyo ya kuhofia. Damu yangu ingepimwa sasa, halafu tena baada ya miezi mitatu, maana kipimo cha kwanza hakitoshi. Alipokuwa akisema hayo alikitupa kipini kwenye ndoo ya taka pamoja na pamba. Nilinyoosha mkono. Nesi alidhani nataka maji, akaniletea.

Nililazwa, nikatundikiwa dripu. Siku za wodini zimechanganyika kichwani, lakini nakumbuka kwamba mtu asiyesema huzungumziwa kama kiziwi. Watu waliinama na kupaza sauti sikioni mwangu. Mama hakufanya hivyo. Alikuwa akikaa pembeni ya kitanda akichambua mboga alizonunua, kimya, nami nikawa najua yupo kwa kusikia majani yakikatika.

Niliporuhusiwa nilikwenda Nyaramba kupona. Sasa niwaambie wanaouliza jinsi ya kutunza ulimi wenye kidonda. Maji ya chumvi, yaliyochemshwa kisha yakapoa, chumvi kidogo tu, kila baada ya kula na kabla ya kulala. Uji wa wimbi uliopoa kabisa. Ndizi zilizopondwa na maziwa. Pilipili hapana. Mboga chungu kama chisaga nazo zingoje. Kulala kichwa kikiwa juu. Mimi nilikunja blanketi chini ya mto. Nunua mswaki mpya wenye nywele laini. Utando mweupe utatokea na utamtisha mama yako. Nesi alituambia si usaha, usikwanguliwe. Na chai ya moto iachwe. Kwetu hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Tunaishi kwa chai, na mgeni asiyekunywa huonekana ana neno moyoni.

Habari ya kipimo haikukaa mfukoni mwa mama peke yake. Mke wa kaka yangu, wifi yangu, tuliyekuwa tunaishi naye boma moja, alikuwa na mtoto mchanga. Siku moja nilikuta kikombe cha plastiki cha njano kimetundikwa msumarini, mbali na vikombe vingine. Hakuna aliyenieleza. Nilipopewa uji ulikuwa ndani ya hicho. Sikumlaumu wifi. Wakati ule watu waliogopa hata kiti alichokalia mtu, na yeye alikuwa ananyonyesha. Lakini nilishindwa kumeza, na safari hiyo haikuwa kwa sababu ya ulimi.

Mama aliliona hilo. Jioni iliyofuata, wifi akiwa amekaa nasi jikoni, alimimina uji katika kile kikombe, akakiinua, akanywa funda moja.

"Bado moto," alisema.

Akakoroga, akapuliza, akanywa tena. Kisha akanipa. Hakumtazama wifi. Asubuhi kikombe cha njano kilikuwa katikati ya vingine.

Tata ndiye aliyenihuzunisha zaidi. Alinisalimia kila asubuhi kama anavyomsalimia mgeni, akaenda zake shambani. Alikuwa mtu wa maneno mengi mimbarani, na kwangu hakuwa na hata moja. Alasiri moja ya Sabato wazee wenzake walikuja kuniombea. Waliketi sebuleni wakiwa na suti na mabuti yenye matope. Kabla ya kupiga magoti, mmoja wao alisafisha koo.

"Tunasikia bado kuna kingine mdomoni," alisema. "Ingekuwa vizuri akitoe kwanza, ndipo tuombe."

Nilimtazama Tata. Alikuwa ameshika Biblia mapajani kwa mikono yote miwili.

"Mtoto ni mgonjwa," alisema. "Tumekuja kuomba ama kukagua?"

Yule mzee aliinamisha kichwa, wakaomba. Tata aliomba mwisho, na alipofika kwenye jina langu sauti ilimpotea. Akangoja. Wote tukangoja pamoja naye. Sijui kama amenikubalia kipini hadi leo, lakini kutoka siku ile alianza kuniuliza kama nimekula.

Kipimo cha kwanza kilikuwa kizuri, ila daktari alikuwa ametukataza kukitegemea. Tukaingia majira ya baridi, yale ya ukungu unaokaa kwenye chai hadi saa nne. Ulimi ulipungua. Sauti ya "r" ilichelewa kurudi, kwa hiyo kwa muda sikuweza kusema jina langu mwenyewe sawasawa. Nilianza kumsaidia mama kuchuma. Tulikuwa tukichuma mistari miwili inayopakana, vikapu mgongoni, na asubuhi moja akaniuliza bila kusimamisha mikono:

"Bosibori aliwahi kukuambia?"

"Hapana, mama."

"Hata mama yake mwenyewe hakuambiwa naye. Alikuwa akimwosha, akajua kwa macho yake tu." Akachuma hatua kadhaa. "Wewe ukiwa nao, utaniambia. Hata kama huwezi kusema, utaniambia."

Nilimwambia nitamwambia. Tuliendelea hadi mwisho wa mistari, na tulipogeuka niliona amelia.

Nataka aliye katika kungoja kama kule ajue kwamba hakuna hila ya kufupisha kungoja huko. Nilijaribu kutofikiri, nikafikiri zaidi. Nilijaribu kumwahidi Mungu mambo, nikaona haya. Kilichonisaidia ni kazi ya mikono, na mtu mmoja ambaye hakuniogopa. Kama huna mtu wa namna hiyo, mtafute kabla ya kitu kingine chochote. Anaweza kuwa mgeni mwenye leso.

Miezi ilipotimia tulirudi hospitali, mama na mimi. Damu ilitolewa, tukaambiwa tungoje, na baadaye tukaambiwa turudi wiki nyingine. Tulirudi. Nesi mtu mzima alituingiza kwenye chumba kidogo, akafunga mlango, akanitazama mimi kwanza.

"Hakuna kitu," alisema. "Damu yako ni safi."

Mama aliuliza kama anaweza kurudia kwa Ekegusii. Nesi alikuwa Mgusii, mtu wa Birongo. Alivuta kiti karibu na mama, akarudia neno kwa neno, na mama akaitikia kila neno kama anavyoitikia maombi.

Nilirudi kazini. Rozi hakuwahi kushika tena sindano ya kutoga. Wanaotaka pua au sikio huwaelekeza kwa sonara. Wasichana wanaotaka ulimi siwakatazi, maana nami nisingesikia. Nawaambia sindano ifunguliwe mbele yao, kipini kiwe kipya na kirefu, na kama kitu walichonacho ni cha marehemu wakiweke mahali pengine kwa heshima. Anayetaka cha pili namwomba aniambie ni cha nini. Kuna wanaonijibu.

Lakini siku ile ya majibu tulipotoka, jua lilikuwa kali na akina mama walikuwa wameketi kando ya ukuta wa hospitali wakiuza ndizi. Mama alisimama. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimesukutua nikimpa mgongo, maana kwetu kumtolea mzazi ulimi ni tusi.

"Toa ulimi," alisema.

Nilisita. Akanishika kidevu, kama alivyokuwa akitushika tulipokuwa wadogo wenye vidonda vya mdomo, akanigeuzia juani. Nikautoa.

"Hiki ni chako?"

Nikaitikia kwa koo.

"Na hapa?" Kidole chake kilikuwa karibu na kovu, bila kuligusa.

Nilirudisha ulimi ili niweze kumjibu. "Hapo palikuwa pake."

"Toa tena," alisema.

Nikautoa. Alipatazama muda mrefu, watu wakitupita, mmoja wa wauza ndizi akitukazia macho. Kisha akaniachia kidevu.

"Funga mdomo," alisema. "Upepo una vumbi."